Nyasi na Wenzi Wao wa Mizizini

"Mwalimu, mbona uyoga wa porini haupandwi shambani kama mihogo?"

Swali hili tuliulizwa na mwanafunzi mmoja mwezi wa Januari, mvua za Lubumbashi zilipokuwa zimekolea. Asubuhi ile alikuwa amepita katika barabara ya Kasenga, akawaona akina mama wameketi na mabeseni ya uyoga: wa manjano, mweupe na mwekundu. Alijua ya kwamba wameutoa mbali, maana karibu na mji miti mingi imekwisha kukatwa kwa ajili ya makala. Tulimjibu upesi, kama ilivyo desturi ya walimu, kwamba uyoga hauna mbegu kama za mahindi. Kijana akatutazama, kisha akauliza tena: "Lakini miti ikikatwa, kwa nini uyoga nao huondoka? Wenyewe haukukatwa. Na mbona katika nyasi zinazobaki hauoti uyoga ule ule?"

Tulinyamaza. Hapana aibu kwa mwalimu kukiri kwamba ameulizwa jambo kubwa kuliko jibu alilokuwa nalo mfukoni. Tulimwomba kijana atupe muda, tukaenda kusoma na kuuliza. Leo twapenda kuwapa wasomaji wetu jibu tulilolipata, kwa sababu lahusu chakula chetu, ardhi yetu na hata afya ya watoto wetu.

UYOGA NI TUNDA TU

Yafaa kwanza tuelewe kwamba uyoga tunaoupika si kiumbe kizima. Ni kama embe juu ya mwembe: tunda huonekana, nalo huchumwa. Kiumbe chenyewe huitwa kuvu, nacho hukaa udongoni mwaka mzima, kikiwa na umbo la nyuzi nyembamba mno zinazotambaa kati ya chembe za udongo. Mvua zinyeshapo, nyuzi hizo hutoa uyoga, na uyoga hutawanya vumbi jembamba ambalo ndilo mbegu yake.

Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, A. B. Frank, alikuwa ameulizwa swali lililofanana sana na lile la mwanafunzi wetu. Serikali ya Prussia ilitaka kujua namna ya kupanda uyoga fulani wa thamani kubwa uotao chini ya ardhi. Frank alichimba, akachunguza mizizi ya miti, akaona ncha zake zimevikwa nyuzi za kuvu kama kidole kilichovikwa glovu. Mti haukuwa mgonjwa. Ulikuwa na afya njema. Akasema kwamba hao wawili wanaishi kwa kusaidiana, akauita ushirika wao mikoriza, neno la Kiyunani lenye maana ya kuvu na mzizi. Wengi walimbishia miaka mingi, lakini alikuwa amesema kweli.

Misitu ya miombo, inayofunika sehemu kubwa ya Haut-Katanga, Zambia na Tanzania, ni makao makuu ya ushirika wa namna hii. Mwaka 1982 mtaalamu Peter Högberg alieleza habari za mizizi ya miti ya Tanzania, na mwaka 1986 yeye na mwenzake Piearce wakaeleza ya Zambia: miti mikubwa ya miombo, pamoja na ule utupao matunda ya masuku, huvikwa kuvu katika ncha za mizizi yake. Katika nchi yetu, mwaka 1977 Parent na Thoen walitoa habari za chakula kilichomo katika uyoga wa jimbo hili, lililoitwa wakati ule Shaba. Na mwaka 2017 André De Kesel, Bill Kasongo na Jérôme Degreef walitoa kitabu kizima juu ya uyoga wa kuliwa wa Haut-Katanga.

Basi swali la kwanza la kijana limejibika. Mti huilisha kuvu kwa sukari inayotengenezwa na majani katika mwanga wa jua. Mti ukikatwa na kisiki kikang'olewa, kuvu hukosa mlishi, na uyoga wake hautokei tena. Lakini kisiki kikiachwa kichipue, kama miti ya miombo ipendavyo kufanya, mizizi huendelea kuishi, na ushirika hupata nafasi ya kudumu. Wako uyoga wengine, kama ule mkubwa wa vichuguuni, ambao hulimwa na mchwa wala hautegemei mizizi ya miti. Hao wana habari yao peke yao.

NYASI NAZO ZINA WENZI

Sasa tufike kwenye swali la pili, ambalo ndilo lililotushangaza zaidi. Tukitoka msituni na kuingia katika dembo lenye nyasi, au tukipanda katika nyanda za juu za Kundelungu na Biano ambako nyasi hutawala mpaka upeo wa macho, hatuoni uyoga ule wa miombo. Je, nyasi hazina rafiki?

Kumbe wanao, tena wengi. Karibu nyasi zote zina kuvu katika mizizi yao, ila kuvu hizo ni za ukoo mwingine. Hazivai ncha ya mzizi kama glovu, bali huingia ndani kabisa. Wala hazitoi uyoga hata mmoja. Mbegu zao ni vijidonge vidogo vinavyokaa udongoni, na vingi vyao havionekani vema pasipo hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Ndiyo sababu babu zetu, waliojua kila uyoga wa msituni kwa jina lake, hawakuwa na jina la kuvu hizi. Mtu hawezi kukipa jina kitu ambacho jicho halikukiona wala ulimi haukukionja.

Ukoo huu una aina zilizoandikwa zipatazo 300 na zaidi kidogo, lakini hukaa katika mizizi ya sehemu kubwa sana ya mimea ya dunia, yapata saba hadi nane katika kila kumi. Mahindi ya bukari yetu yamo, na mtama, na maharage, na karanga. Mihogo huzitegemea mno, kwa kuwa mizizi yake ni minene na ina vinyweleo vichache. Wasiozipokea ni wachache: kabichi na jamaa zake, na kwa kawaida lengalenga pia. Hata katika dembo, mimea mingi inayofanana na nyasi lakini yenye shina la pembe tatu, jamaa ya ndago, mara nyingi huishi bila kuvu hizi.

BIASHARA ISIYO NA FEDHA

Je, wenzi hawa hupeana nini? Sikilizeni, maana hapa pana ajabu.

Mmea wahitaji fosfori ili ukue na kuzaa. Udongo wetu mwekundu wa Katanga una chuma na alumini nyingi, na vitu hivyo huikamata fosfori kwa nguvu kama bahili anavyokamata sarafu. Tena fosfori haitembei na maji kwa urahisi. Mzizi ukisha kunyonya ile iliyo karibu nao, umbali wa milimita moja au mbili tu, hubaki na njaa, ingawa fosfori nyingine iko hatua chache mbele.

Hapo ndipo kuvu hufanya kazi yake. Uzi wake ni mwembamba kuliko kinyweleo cha mzizi, hupenya mahali ambapo mzizi hauwezi kupita, nao hwenda sentimita kadhaa mbali na mzizi. Hukusanya fosfori, na zinki, na maji kidogo, ukaileta shehena yote mpaka ndani ya mzizi. Katika chembe ya mzizi uzi hugawanyika mara nyingi, ukafanya umbo la kijiti chenye matawi mengi mno. Kijiti hicho ndicho soko lenyewe: huko fosfori hukabidhiwa, na huko kuvu hupokea malipo yake. Malipo ni sukari, na tangu mwaka 2017 imejulikana kwamba mmea huilipa pia kwa mafuta, ambayo kuvu haiwezi kujitengenezea yenyewe. Bila mmea ulio hai kuvu hii haina maisha.

Hutafutanaje gizani? Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba mzizi wenye njaa hutoa udongoni dawa kidogo sana, nayo kuvu ikiipata huchangamka na kutoa matawi kuelekea kwa mwitaji. Ni kama mwenye nyumba apigaye hodi kwa jirani. Lakini, ole! Mwivi naye husikia. Kiduha, lile gugu lenye ua zuri linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama katika mashamba mengi ya Afrika, mbegu zake huamshwa na dawa ya namna hiyo hiyo. Mmea huita rafiki, na adui huitikia pia. Walakini mmea haukuacha kuita, kwa maana kukaa bila rafiki ni hasara kubwa zaidi.

Wala ushirika huu si wa jana. Katika mawe ya Rhynie, huko Scotland, imeonekana mimea iliyogeuka jiwe yapata miaka milioni 400 iliyopita. Mimea hiyo haikuwa hata na mizizi ya kweli, na ndani yake vijiti vile vya kuvu vimo tayari. Kumbe mimea ilipotoka majini kuja nchi kavu haikuja peke yake.

TAZAMA KWA MACHO YAKO

Zamani mambo haya yalikuwa magumu kuonekana, kwa kuwa mzizi wenyewe una rangi na kuvu haina. Mwaka 1963 Gerdemann na Nicolson walieleza namna ya kutoa vijidonge vya mbegu: udongo hukorogwa katika maji, kisha maji hupitishwa katika chekeche zenye matundu madogo zaidi na zaidi, mpaka vijidonge vikabaki juu. Mwaka 1970 Phillips na Hayman walieleza namna ya kusafisha mizizi na kuitia rangi ya buluu. Na mwaka 1998 Vierheilig na wenzake waliwarahisishia kazi watu wote wasio na fedha nyingi: walionyesha kwamba wino mweusi wa kalamu na siki ya jikoni vyatosha.

Twaeleza kwa kifupi, kwa faida ya walimu wenzetu wenye hadubini shuleni. Ng'oa kitita cha nyasi taratibu, uchukue mizizi ile membamba kabisa, uioshe vizuri. Uichemshe katika maji ya potasi kali mpaka iwe myeupe. Kazi hii ifanywe na mwalimu mwenyewe, maana potasi huunguza ngozi na macho. Isuuze mara nyingi. Kisha uichemshe dakika tatu katika siki iliyochanganywa na wino, sehemu 5 za wino katika kila 100. Mwisho uiache katika maji yenye matone machache ya siki, rangi iliyozidi itoke. Ukiiweka chini ya hadubini, utaona nyuzi zimepita kati ya chembe kama njia za mchwa ukutani, na pengine utaona vile vijiti vyenye matawi. Wanafunzi wakiisha kuona jambo hili mara moja, hawakanyagi tena nyasi kwa moyo ule ule.

NYASI KATIKA ARDHI YA SHABA

Huenda msomaji atasema: "Hayo ni mazuri kwa wenye vitabu. Yatusaidia nini sisi wa Lubumbashi?" Tusikilizane.

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata, 1911, tanuru ya kuyeyusha shaba ikawashwa. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 moshi wake ulichukuliwa na upepo ukaangusha shaba na vitu vingine vya sumu juu ya ardhi. Katika mtaa wa Penga Penga na viunga vyake miti ilikufa, nyasi zikafa, udongo ukabaki uchi. Udongo ulio uchi hausimami: mvua huuchukua mpaka mitoni, na wakati wa kiangazi upepo huurusha vumbi mpaka ndani ya nyumba, juu ya sahani na katika vifua vya watoto. Mwaka 2009 madaktari wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wakaao karibu na migodi na matanuru ya Katanga wana kobalti na madini mengine kwa wingi katika miili yao. Hilo si jambo dogo kwa mzazi.

Lakini Katanga ina vilima vya shaba tangu zamani, kabla ya tanuru yo yote. Juu yake miti haioti, bali huota nyasi fupi na maua madogo. Paul Duvigneaud, Mbelgiji, aliandika habari zake mwaka 1958, na hata sasa zimehesabiwa zaidi ya aina 500 za mimea katika ardhi hizo. Mimea hiyo imezoea shaba kama sisi tulivyozoea chumvi.

Basi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Mylor Ngoy Shutcha, wakafikiri: kwa nini tusiwaombe wenyeji wa vilima waje kuponya ardhi ya mji? Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, walipanda aina tatu za nyasi katika udongo uliotiwa shaba miligramu 2,500 kwa kila kilo. Vipande vingine havikuongezwa kitu, vingine vilitiwa mboji kilo 4.5 kwa kila mita ya mraba, na vingine chokaa kilo 0.2. Wakavitazama miaka miwili. Nyasi ya kawaida, ile tuionayo viwanjani na kando ya njia, haikuweza kuishi mpaka itiwe chokaa. Lakini nyasi moja ndogo, iitwayo na wataalamu Microchloa altera, ilidumu kuliko zote hata bila msaada. Tena chokaa ilipungusha shaba iliyopanda majanini. Mwaka 2015 Shutcha na wenzake walitoa habari za jaribio jingine la miaka mitatu, safari hii katika udongo wenyewe ulio uchi, mkali na wenye sumu.

Na kuvu je? Kwingineko zimeonekana zikifanya kazi katika udongo wa namna hii. Huko Ujerumani limo ua dogo liotalo katika ardhi yenye zinki nyingi. Mwaka 1999 wataalamu walieleza kwamba mizizi yake imejaa kuvu hizi, na kwamba kuvu iliyotolewa humo, ilipopewa mahindi katika udongo wenye sumu, iliyasaidia kukua kuliko kuvu ya kawaida. Huko Afrika ya Kusini, mwaka 2003, ilielezwa kwamba mmea mmoja wa mbuga za nyasi, unaokusanya nikeli majanini mwake, unazo kuvu mizizini. Kwa hiyo mtu ahamishaye kitita cha nyasi pamoja na udongo wake hachukui mmea tu, bali jamii nzima. Atakayeiosha mizizi yote kwa ajili ya usafi, na kuipanda katika udongo mfu, ameuvunja ukoo.

YATUPASA NINI?

Hatuna budi kujifunza kuiona ardhi kama nyumba yenye watu. Mambo machache yako katika uwezo wa kila jamaa.

Kwanza, ardhi isiachwe uchi muda mrefu. Kuvu za nyasi na mahindi hula kwa mkono wa mmea ulio hai. Shamba lisilo na mzizi hata mmoja kwa misimu mingi ni nyumba isiyo na chakula. Baada ya mahindi, maharage au karanga zifuate. Na kama twapanda kabichi au lengalenga, tusiyapande mahali pale pale kila mara, kwa maana hayo hayalishi kuvu.

Pili, tusiugeuze udongo mara nyingi pasipo haja, kwa sababu jembe hukata nyuzi zilizojengwa kwa taabu. Tatu, mbolea ya fosfori ni nzuri kwa kiasi. Ikizidi sana, mmea hushiba na kuacha kumlipa mwenziwe, na kuvu hupungua. Nne, wachoma makala na wakata mashamba waache baadhi ya miti mikubwa, na visiki wasiving'oe, ili miombo ichipue na uyoga uwe na mahali pa kurudi. Mama auzaye uyoga barabarani hula kwa mti ule ule unaokatwa na mchoma makala, nao wawili ni watu wa kijiji kimoja.

Tano, ninyi vijana mlio shuleni, udongo wa nchi yenu una maswali mengi yanayongoja wanafunzi wake. Chuo kikuu kimo mjini mwetu tangu enzi za miaka ya 1950. Maabara zake zahitaji mikono yenye subira, nayo mizizi ya Katanga haitakwisha kuchunguzwa kizazi hiki.

Mwanafunzi wetu alirudi baada ya majuma matatu kudai jibu lake. Tulimpeleka nyuma ya darasa, tukang'oa kitita kimoja cha nyasi, tukamwonyesha mizizi yake membamba iliyoshikamana na udongo. Tukamwambia: "Uyoga hatuupandi, bali twaweza kumtunza anayeulisha. Na hapa katika nyasi pana rafiki asiyetoa uyoga, lakini ndiye anayetusaidia kupata bukari." Kijana alikitazama kitita kwa muda. Kisha akachimba shimo dogo kwa mkono, akakirudisha mahali pake, akakanyaga udongo taratibu pande zote, akaenda kuleta maji.